Barua ya Wazi Kuhusu Mikono Inayokaanga Vibanzi vya Nairobi

Kwa Waziri wa Kazi. Kwa Mkurugenzi wa Huduma za Usalama na Afya Kazini. Kwa maafisa wa afya ya umma wa Kaunti ya Jiji la Nairobi. Na kwa wamiliki na mameneja wa mikahawa inayouza vibanzi, kuku wa kukaanga na baga.

Waheshimiwa,

Nawaandikia nikiwa mpishi wa mashine ya kukaangia. Kwa miaka minane nimefanya kazi katika majiko matatu tofauti katikati ya jiji, nikianza kama mmenya viazi, kisha muosha vyombo, na hatimaye mtu wa mafuta, kama tunavyoitwa jikoni. Majina ya mikahawa hiyo sitayataja, kwa kuwa ninayotaka kuyaeleza niliyakuta kote nilikopita, na kwa kuwa wenzangu wangali wanapata riziki yao humo.

Asubuhi moja mwaka jana, afisa wa afya ya umma alifika katika jiko letu kwa ukaguzi. Alifungua friji akasoma kipimajoto, akapitisha kidole chini ya meza ya kukatia kuku, akauliza taka hutolewa saa ngapi, kisha akataka kuona vyeti vyetu vya afya, jina kwa jina. Alikuwa mtu makini, na yote aliyoyafanya yalistahili kufanywa. Siku hiyo mwenzangu mmoja alikuwa amefungwa kitambaa mkono wa kushoto, kuanzia kwenye kifundo hadi karibu na kiwiko, kwa sababu ya mafuta yaliyommwagikia siku nne kabla. Afisa aliutazama ule mkono, akauliza kama kidonda kilikuwa kikitoa maji yanayoweza kudondokea chakula, akaambiwa kwamba kimefunikwa na kwamba mwenyewe amehamishwa asiguse chakula, akaandika jambo katika daftari lake, kisha akaelekea stoo. Hakuuliza mkono uliungua vipi.

Simlaumu. Sheria iliyomleta ni ya chakula na ya afya ya umma, nayo humlinda mtu aliye upande ule mwingine wa kaunta. Lakini katika miaka yote hiyo minane sijamwona, hata mara moja, afisa aliyeletwa jikoni na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, ambayo humlinda aliye upande huu. Jiko letu hukaguliwa kwa ajili ya anayekula, na aliyesimama mbele ya mafuta hana anayekuja kwa ajili yake. Hilo ndilo lililonifanya niandike, na mengine yote nitakayoyasema yanatokana nalo.

Pengine wengi wenu mnayajua majiko haya kutokea mbele tu, pale penye picha za kuku na bei zake. Nyuma ya ukuta huo mara nyingi kuna chumba chembamba ambamo watu wawili hawawezi kupishana bila mmoja kugeuka ubavu. Upande mmoja zimepangwa mashine za kukaangia, kila moja ikiwa na zaidi ya lita kumi za mafuta, na mafuta hayo hufanya kazi kwenye joto la nyuzi 170 hadi 180 za selsiasi. Maji huchemka kwa nyuzi 100, na hapa Nairobi, kwa sababu ya mwinuko wa jiji letu, huchemka hata kabla ya kufika hapo. Aliyewahi kumwagikiwa chai asidhani kwamba anajua kuungua kwa mafuta, kwa sababu zaidi ya kuwa na joto kubwa kupita maji, mafuta hushika ngozi na kubaki pale pale yakiendelea kuunguza.

Vibanzi vilivyogandishwa hutoka kwenye friza vikiwa na chembe za barafu. Barafu hiyo ikiingia katika mafuta hugeuka mvuke papo hapo, na maji yanapokuwa mvuke huhitaji nafasi zaidi ya mara 1,000 ya ile yaliyokuwa nayo, ndiyo maana mafuta hupanda, hufanya povu na kuruka. Mpishi aliyefunzwa hulikung'uta kapu kwanza kando ya mashine, hulijaza nusu tu, kisha hulishusha polepole huku uso wake ukiwa mbali. Mambo hayo matatu hayachukui hata nusu dakika. Nimewafundisha vijana wengi kufanya hivyo, nao hufanya hivyo saa nne asubuhi, lakini ikifika saa saba mchana hakuna anayefanya, hata mimi mwenyewe.

Sababu yake iko ukutani, juu ya meza ya kupakia. Ni skrini inayoonyesha oda zilizoingia na muda ambao kila moja imesubiri. Oda ikikaa sana, rangi yake hugeuka nyekundu. Mchana watu wa ofisini hupanga foleni hadi mlangoni, na wakati huo huo oda za simu huingia moja baada ya nyingine, kila moja ikiwa na mwendesha bodaboda aliyesimama kwenye kaunta na kofia yake kichwani, ambaye naye analipwa kwa idadi ya safari na ana haki ya kuharakisha. Oda nyekundu zikizidi, meneja huulizwa na ofisi kuu, naye meneja hutugeukia sisi. Sijawahi kumwona meneja aliyetaka mtu aungue, na nimewaona kadhaa ambao wenyewe huvaa aproni na kuingia kwenye mafuta foleni inapozidi. Lakini skrini ile hupima kitu kimoja tu, nacho ndicho kila mtu hukilinda, hivyo kapu hujazwa pomoni na kutumbukizwa kwa mkupuo. Ukitazama mikono ya mtu yeyote aliyekaa mwaka mmoja mbele ya mashine utaona madoa madogo meupe na meusi kuanzia vidoleni hadi kiwikoni. Hayo hatuyahesabu kuwa ajali.

Kuna pia moshi. Feni ya kuvuta hewa inapokuwa nzima hatuna shida kubwa, lakini chujio zake huziba kwa mafuta baada ya muda mfupi, na zisiposafishwa feni hunguruma bila kuvuta chochote. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, limeuweka moshi wa kukaanga kwa joto kali katika kundi la vitu ambavyo huenda vikamsababishia binadamu saratani. Sisemi kwamba sisi sote tutaugua. Nasema kwamba mtu anayeuvuta moshi huo saa kumi kwa siku, siku sita kwa wiki, anastahili feni inayovuta. Na hapa maslahi ya mlaji na ya mpishi ni yale yale, kwa kuwa mafuta yaliyochoka, yaliyokaangiwa siku nyingi kupita kiasi, hutoa moshi upesi zaidi na kufanya povu zaidi, hivyo afisa anayeagiza mafuta ya zamani yamwagwe anamlinda mteja na anatulinda sisi, hata kama hakututazama.

Sasa nieleze jinsi ule mkono ulivyoungua, kwa kuwa hakuna aliyeuliza.

Mkahawa ulikuwa ukifungwa saa nne usiku. Zamu iliandikwa kuwa inaisha saa nne na nusu, na malipo yaliishia hapo. Katika nusu saa hiyo meza zifutwe, sakafu isuguliwe kwa sabuni, taka zitolewe, na mafuta yatolewe mashineni, yachujwe unga na makombo, kisha yarudishwe. Mashine za bei kubwa zina chujio na pampu ndani yake. Zetu hazikuwa nazo. Sisi tulifungua koki iliyo chini, tukakinga kwa sufuria, tukaibeba sufuria watu wawili hadi penye chujio lililotundikwa kwenye ndoo. Mafuta ya mashine iliyozimwa saa nne bado yanaweza kubambua ngozi ifikapo saa nne na nusu. Kila mtu jikoni alilijua hilo. Lakini kila mtu alijua pia kwamba kadiri usiku unavyokwenda nauli ya matatu hupanda na magari hupungua, na kwamba wenzetu wa kike wanaoshuka vituo vya mwisho hutembea gizani wakiwa na noti chache za siku hiyo mfukoni. Hakuna aliyekuwa tayari kukaa saa nzima zaidi, bila malipo, akisubiri mafuta yapoe.

Usiku huo mimi nilikuwa nimeshika upande mmoja wa sufuria na yeye amekamata upande wa pili. Alikuwa amevaa raba za kitambaa ambazo soli zake zilikwisha laini. Sakafu ilikuwa na sabuni, kwa sababu mwoshaji naye alikuwa anakimbizana na saa ile ile. Mguu wake mmoja uliteleza, sufuria ikainama upande wake, nami kwa kuivuta kwangu niliokoa kifua chake lakini sikuuokoa mkono. Mpaka leo najiuliza kama ningeliiachilia ingekuwa nafuu au ingekuwa balaa kubwa zaidi.

Tulikimbilia bomba. Ilikuwa siku ya mgao wa maji, na bomba lilitoa hewa. Tulikuwa na mtungi mmoja wa lita ishirini uliobaki nusu, maji ya kuoshea vyombo, tukammwagia yote, yakaisha kabla ya dakika tatu. Mmoja alileta unga wa ngano, mwingine akapasua yai, na mimi niliyekuwa mkubwa wao niliwaruhusu wampake, kwa sababu sikujua. Nimejifunza baadaye, kwa muuguzi, kwamba mtu aliyeungua anatakiwa kuwekwa chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, na kwamba unga, yai, dawa ya meno na siagi huzidisha madhara na kumpa daktari kazi ya kusafisha kidonda kabla hata hajakitibu. Kisanduku cha huduma ya kwanza kilikuwapo, kimepigiliwa ukutani kama inavyotakiwa. Ndani yake mlikuwa na plasta mbili na mkasi.

Alipelekwa kliniki kwa bodaboda akiwa na shilingi 1,000 alizopewa, na mwisho wa mwezi zikakatwa kwenye malipo yake. Alirudi kazini siku ya nne, mkono ukiwa umefungwa, kwa kuwa alikuwa akilipwa kwa siku, na siku asiyofanya kazi halipwi. Hiyo ndiyo siku ambayo afisa wa afya alimwona. Hakuna daftari la ajali lililoandikwa, wala fomu yoyote iliyojazwa. Baada ya miezi miwili aliambiwa kwamba kazi imepungua.

Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri kumpelekea Mkurugenzi taarifa ndani ya siku saba tangu apate habari kwamba mfanyakazi ameumia. Inampa aliyeumia miezi kumi na miwili ya kudai fidia yake. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu iliithibitisha sheria hiyo, na tangu hapo imekuwa wazi kwamba njia ya fidia hupitia kwanza ofisi ya Mkurugenzi. Ninauheshimu uamuzi huo. Lakini naomba mwone maana yake kwa kijana aliyeungua saa nne na nusu usiku katika jiko ambalo haliandiki ajali: mlango pekee wa haki yake unafunguliwa kwa karatasi ambayo haikuandikwa, na yeye hajui kama karatasi hiyo ilistahili kuwapo. Miezi kumi na miwili hupita. Katika vitabu vya serikali mkono wake haukuungua, na mkahawa ule unaonekana kuwa mahali salama pa kazi.

Ninaamini kwamba ajali hizi zinafichwa na mfumo wa vibarua kuliko zinavyofichwa na mtu yeyote mmoja. Sheria ya Ajira, kifungu cha 37, inasema kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazotimiza mwezi mmoja ahesabiwe kuwa mwajiriwa wa mwezi. Nimefanya kazi na watu waliokuwa vibarua kwa miaka mitatu. Njia inayotumika ni rahisi: mtu huambiwa apumzike siku chache, kisha huitwa tena, na hesabu huanza upya. Kwa kuwa ni kibarua, hana siku 21 za likizo ya mwaka, hana siku ya ugonjwa yenye malipo, na haingii katika chama cha wafanyakazi, kwani KUDHEIHA, ambacho ndicho chama cha watu wa hoteli na mikahawa, hukata ada kwenye mshahara wa mwezi, na yeye hana mshahara wa mwezi. Katika jiko la mwisho nililofanyia kazi, kibarua alilipwa shilingi 600 kwa siku. Akifanya siku 26 bila kukosa hata moja, anapata shilingi 15,600. Tarehe 1 Novemba 2024, kima cha chini cha mfanyakazi asiye na ujuzi katika jiji la Nairobi kiliwekwa kuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi, kabla ya marupurupu ya nyumba, na amri hiyo hiyo ya mishahara humweka mpishi katika daraja la juu kuliko huyo. Mtu wa namna hii akiungua hasemi. Akisema, nafasi yake itachukuliwa kesho na mmoja wa vijana wanaokuja kila asubuhi kuuliza kazi kwenye mlango wa nyuma.

Kuna jambo la cheti ambalo linaniuma kwa namna ya pekee. Kila baada ya miezi sita ninakwenda kupimwa kama nina ugonjwa unaoweza kumfikia mlaji kupitia chakula, ninalipia vipimo hivyo kwa pesa zangu, na nisipokuwa na cheti siruhusiwi kuingia jikoni. Sipingi kupimwa. Mama yangu akila mkahawani, ningependa aliyempikia awe amepimwa. Ila katika vipimo vyangu vyote, na ni vingi sasa, hakuna mtu mwenye koti jeupe aliyewahi kusikiliza kifua changu kwa sababu ya moshi, au kuitazama miguu yangu ambayo mishipa yake imevimba kwa kusimama, au kuniuliza haya makovu ni ya lini. Mara mbili kwa mwaka serikali huniweka mbele ya mtaalamu wa afya, na mara zote mbili swali ni kama mimi ni hatari kwa wengine.

Kuhusu kusimama, sitasema mengi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini inasema kwamba wanaofanya kazi wakiwa wamesimama wawekewe pa kukaa ili wapumzike kila inapopatikana nafasi. Katika majiko matatu nimekalia kreti za soda na madebe ya mafuta, na katika moja kati ya hayo kukaa kulikuwa kosa.

Mwezi wa Januari 2022 kampuni moja kubwa ya kuku ilipungukiwa na vibanzi nchini, kwa sababu viazi vyake vilikuwa vikitoka ng'ambo na meli zilichelewa. Nchi nzima iliongea. Wakulima waliongea, viongozi waliongea, na wateja waliuliza kwa haki kabisa kwa nini viazi vya hapa kwetu havinunuliwi. Nilifurahi kuona Wakenya wakijali chakula chao kinatoka wapi. Nilikuwa kwenye mafuta wiki hiyo, na tulikaanga kuliko kawaida, kwa sababu wateja waliokosa kwingine walikuja kwetu. Nilingoja kusikia mtu mmoja akiuliza kuhusu safari ya kiazi kutoka kwenye friza hadi kwenye karatasi, ambayo ni hatua chache tu na ndiyo iliyobeba hatari yote. Mjadala uliisha kabla haujafika huko.

Ninayoyaomba si makubwa, na mengi hayahitaji sheria mpya.

Kwa wamiliki, naanza na lile la mafuta, kwa kuwa nimelifanya na najua linawezekana. Baada ya ajali ile, niliomba turuhusiwe kuyaacha mafuta mashineni usiku, yamefunikwa, na zamu ya asubuhi iyachuje. Katika baridi ya Julai mafuta ya mawese huganda kidogo, hivyo huwashwa kwa muda mfupi mpaka yawe ya vuguvugu, kisha huchujwa bila mtu kuogopa chochote. Ilimgharimu mwenye mkahawa kumwita mtu mmoja nusu saa mapema, basi. Kwa wiki tano hakuna aliyeungua wakati wa kuchuja. Kisha alikuja meneja mpya, akaona malipo ya ile nusu saa, akaturudisha kwenye utaratibu wa zamani. Nawaomba muuweke utaratibu huo wa asubuhi kwa maandishi, ili usitegemee huruma ya mtu mmoja. Nunueni viatu visivyoteleza na glavu ndefu zinazofika kiwikoni, kwa gharama yenu, kama sheria inavyosema, na msizikate kwenye mshahara. Wekeni tangi la maji ambalo haliguswi kwa kuosha vyombo, ili siku ya mgao pawe na dakika 20 za maji kwa atakayeungua. Na wafundisheni watu wote wa jikoni, pamoja na kibarua wa siku ya kwanza, kwamba mafuta yakishika moto hayamwagiwi maji, yanafunikwa kwa kifuniko au blanketi la moto na gesi inafungwa.

Kwa Kaunti, ninyi ndio mnaofika. Hilo ni jambo kubwa kuliko mnavyodhani. Afisa wenu huingia jikoni, ana daftari, na mwenye mkahawa humsikiliza kwa kuwa anaweza kufunga biashara. Ongezeni ukurasa mmoja katika daftari hilo: daftari la ajali liko wapi, kisanduku cha huduma ya kwanza kina nini ndani, feni inavuta, bomba lina maji, wapishi wamevaa viatu gani. Afisa akiona mkono uliofungwa, aulize uliungua vipi, na jibu lipelekwe kwa ofisi ya Mkurugenzi. Gharama ya cheti cha afya nayo ibebwe na anayekihitaji ili afungue mlango wake, yaani mwajiri.

Kwako Mkurugenzi, na kwako Mheshimiwa Waziri, najua maafisa wenu ni wachache na sehemu za kazi ni nyingi. Sheria inawapa mamlaka ya kuingia mahali pa kazi mchana au usiku. Naomba mtumie usiku. Ukaguzi wa saa nne asubuhi hukuta sakafu kavu, mafuta mapya na watu waliopumzika, na afisa mwaminifu kabisa anaweza kuandika ripoti nzuri ambayo yote ni kweli. Naomba pia mtakapokuja mzungumze nasi tukiwa peke yetu, meneja akiwa nje, na mwanze na vibarua, kwa kuwa wao ndio wanaobeba sufuria. Msituulize kama tuna malalamiko, kwa sababu tutasema hatuna. Tuambieni tukunje mikono ya mashati.

Nimeiandika barua hii bila jina, na naomba mnisamehe kwa hilo. Nina mtoto anayeingia sekondari na bado niko kazini. Mkihitaji pa kuanzia, mikahawa ya katikati ya jiji ina milango ya nyuma inayotazama vichochoro, na mingi hufunguliwa kati ya saa nne na saa nne na nusu usiku, tunapotoa taka. Wakati huo sakafu ina sabuni, na mafuta yanabebwa.

Wenu,
Mpishi wa mashine ya kukaangia,
Nairobi